Wosia kwa Mwanangu Aendaye Kushika Mionzi

Mwanangu,

Umeniarifu kwamba kazi umeipata, na kwamba mwezi ujao utavuka Makupa kwenda kuanza mafunzo ya kupiga picha mishono ya mabomba na matangi ya mafuta, kazi ile ile iliyonilisha mimi, ikakulisha wewe na ndugu zako. Nimefurahi, na furaha yangu nimeichanganya na dua, kwa sababu umri wangu umesogea, pumzi ya kupandia ngazi za nyumba hii si ile uliyoizoea, na mzazi akishajua kwamba siku zilizobaki ni chache kuliko zilizopita hawezi kumwacha mwanawe aondoke na mfuko wa nguo peke yake. Sina mali ya kukurithisha isipokuwa haya niyajuayo. Yasome polepole, maana mwenda pole hajikwai.

Nawe utajikwaa, hilo nalijua. Ujana una haraka yake, na hakuna wosia ulioandikwa tangu dunia kuumbwa uliomzuia kijana asikosee hata mara moja. Sikuandikii ili uwe malaika. Nakuandikia ili siku utakapokosea uwe umesimama mahali ambapo kosa lina njia ya kurudi, na uwe na moyo wa kulisema kabla halijakua.

Kabla hujashika chombo chochote, ijue mionzi yenyewe, na kuijua hakuanzi kazini bali humu humu ndani. Hapo nyuma ya mlango, ambapo chokaa imebanduka na jiwe limeonekana, weka mkono. Jiwe hilo ni matumbawe. Kisiwa chetu kizima kimekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, na ndiyo waliyoyachimba wazee wetu wakajengea nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni, na ndiyo ambayo Ngome ya Yesu ilijengwa juu yake tangu 1593. Matumbawe yakiwa hai hufyonza kutoka maji ya bahari uraniamu kidogo, kiasi cha gramu mbili au tatu kwa kila tani ya jiwe, nayo hubaki humo. Kwa hivyo ukuta uliolalia ubavuni mwake tangu utoto una uraniamu, mwanangu, na uraniamu hiyo inavunjika usiku na mchana, bila ya sauti, bila ya joto la kuhisika, bila ya kumuomba mtu ruhusa.

Inavunjika vipi? Kila atomi ina kiini, na ndani ya kiini mna protoni na neutroni zilizoshikana kwa nguvu kubwa mno. Viini vingi tunavyoishi navyo vimetulia na havitabadilika. Vingine vimelemewa na uzito, au neutroni zao zimezidi kiasi, na havipati utulivu mpaka vitoe kitu. Kiini kizito kama cha uraniamu hutupa nje fungu la protoni mbili na neutroni mbili, na fungu hilo ndilo alfa; kikishalitoa si uraniamu tena, kimekuwa thoriamu. Alfa haifiki mbali. Karatasi huizuia, hata ngozi ya kiganja chako huizuia, na kwa sababu hiyo wako wanaoidharau. Lakini ikiingia mwilini kwa pumzi, au kwa mkono mchafu uliopelekwa kinywani, huumiza kuliko zote, kwa kuwa nguvu yake yote huimwaga katika chembe hai zilizo karibu nayo. Usikidharau kitu kwa kuwa kizuizi chake ni chepesi.

Thoriamu nayo haitulii. Uraniamu ya aina ya 238 hupita hatua 14, nane za alfa na sita za beta, hadi inapofika kuwa risasi, na risasi hiyo haiendi tena popote. Wataalamu wa miamba wameitumia safari hiyo kwa busara: maji ya bahari karibu hayana thoriamu, basi thoriamu waikutayo ndani ya tumbawe wanajua imezaliwa humo humo, na wakimlinganisha mzazi na mtoto wanapata umri wa jiwe, hata likiwa na miaka laki moja na zaidi.

Katika beta, kiini hakitupi fungu zito. Neutroni moja hugeuka kuwa protoni, na elektroni moja huchomoka kwa kasi, ikapenya ngozi kidogo, ikazuiwa na bati la alumini la milimita chache. Usidhani beta iko mbali nawe. Madafu unayokunywa Mama Ngina Drive, tende za kufuturia, ndizi za Marikiti, vyote vina potasiamu, na katika kila atomi 8,500 hivi za potasiamu moja ni ya aina ya 40, isiyotulia, ambayo mara nyingi hutoa beta ikawa kalsiamu, na mara chache humeza elektroni yake yenyewe ikawa gesi ya agoni. Katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70 viini zaidi ya 4,000 vya potasiamu huvunjika kila sekunde. Ilikuwa hivyo kwa babu zako, na ni hivyo kwako wewe tangu ulipokuwa tumboni mwa mamako. Kwa hivyo akija mtu kukutisha kwamba mionzi ni jini lililoletwa juzi kwa meli, mjibu kwa upole, umwambie ilikuwepo kabla ya meli na kabla ya bandari.

Gama ndiyo itakayokuwa mwenzako wa kazi. Mara nyingi kiini kikishatoa alfa au beta hubaki na nguvu ya ziada, kikaimwaga kwa namna ya mwanga usioonekana, na mwanga huo hupita nyama, hupita mbao, hupita hata chuma cha bomba, na haupunguzwi ila na zege nene, risasi au kitu kingine kizito. Iko pia namna ambayo protoni hugeuka neutroni ikatoa pozitroni, inayotumiwa katika hospitali kubwa kupiga picha za ndani ya mwili. Hiyo hutaikuta kwenye mabomba.

Haya hayakujulikana mpaka 1896, Henri Becquerel wa Paris alipoona chumvi za uraniamu zimeacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa gizani. Marie Curie na mumewe Pierre wakafuata, wakapata poloniamu na radiamu mwaka 1898, na Ernest Rutherford ndiye aliyeyatenga na kuyapa majina alfa na beta. Marie alibeba mirija ya radiamu mifukoni, akafurahia mwanga wake usiku, kwa kuwa wakati ule hatari yake haikujulikana vizuri. Alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na kazi yake, na daftari zake mpaka leo huhifadhiwa ndani ya makasha ya risasi. Yeye alikuwa na udhuru wa kutojua, mwanangu. Wewe huna, kwa sababu yeye na wenzake walilipa ili wewe ujue.

Hapa kwetu pwani watu wamegawanyika, wengine wanaogopa kila kitu na wengine hawaogopi chochote, nami naona pande zote mbili hazijapima. Kusini, Kwale, kuna kilima cha Mrima, ambacho miamba yake ina thoriamu na madini mengine adimu, na kipimo kikipelekwa pale hulia kuliko mahali pengi pa pwani hii. Wadigo wameutunza msitu wake kama mahali patakatifu, na wawekezaji wameumezea mate kwa niobiamu yake. Kaskazini, Uyombo ya Kilifi, serikali ilitaka kujenga kinu cha umeme wa nyuklia, na mwaka 2024 wananchi waliandamana kukipinga, wakakabiliwa na polisi. Sikwambii uwe upande gani. Nakwambia mwananchi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na anayejua akinyamaza, au akiwacheka wasiojua, amewadhulumu. Utaulizwa barazani, na wauza kahawa watakuuliza. Wajibu kwa subira, hata swali lile lile likirudiwa mara ya kumi.

Sasa nije kwenye subira yenyewe, maana mionzi ni mwalimu wake. Chukua kiini kimoja, ukikodolee macho maisha yako yote, hutaweza kusema kitavunjika lini; kina saa yake aijuayo Mola. Lakini chukua viini vingi vya aina moja, na utajua bila ya shaka nusu yake itakuwa imekwisha baada ya muda gani, na muda huo ndio nusumaisha. Iodini ya 131 nusumaisha yake ni siku 8. Iridiamu ya 192 ni siku 74, kobalti ya 60 ni miaka mitano na ushei, seziamu ya 137 ni miaka 30, kaboni ya 14 ni miaka 5,730, na uraniamu ya 238 ni kama miaka bilioni nne na nusu. Ukiipasha moto haiharakishi, ukiifukia haichelewi, ukiitia tindikali haijali. Nimeona watu wenye vyeo wakigombana na muda huo, wakitaka kazi iishe kabla haujafika, na hakuna hata mmoja aliyeushinda.

Kule Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa nje waliyakuta mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kikionyesha kwamba kiliwekewa kitu laini chini yake kilichooza zamani. Wakamwita Mtoto, basi. Mwaka 2021 walitangaza kwamba alizikwa kama miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Kaboni ya 14 haikuweza kuwaambia, kwa sababu baada ya miaka 50,000 inayosalia ni kidogo mno kupimika. Walizichukua chembe za mchanga zilizomzunguka. Chembe hizo zikiwa gizani hupigwa na mionzi midogo ya uraniamu, thoriamu na potasiamu ya udongo, zikaweka akiba kidogo ya nguvu mwaka hadi mwaka, na zikimulikwa maabara hutoa akiba ile kwa namna ya mwanga unaoweza kupimwa. Mzazi fulani alimlaza mwanawe pale kwa huruma, hakuacha maandishi wala jina, na udongo ukamhesabia. Nilipoisoma habari hiyo nililia, na sikuona haya.

Turudi kazini kwako. Iridiamu ya 192 ndiyo utakayoikuta ndani ya kamera, yaani lile kasha zito lenye mpini, ambalo ngao yake mara nyingi ni uraniamu iliyopunguzwa nguvu. Yenyewe ni kidonge kisichozidi punje ya mchele, kimefungwa kwenye kapsuli ya chuma, na kapsuli imeshikwa na waya mfupi. Unaunga bomba la kuiongoza upande mmoja na waya wa kuzungusha upande wa pili, unafunga filamu nyuma ya mshono, unazungushia kamba na alama za njano zenye pembe tatu nyeusi, unahakikisha hakuna roho ndani ya kamba, kisha ukiwa mbali unazungusha, na kile kidonge kinatoka kwenda kukaa juu ya mshono. Viini vinavunjika, vingi vikiwa platinamu na vichache osimiamu. Beta zinaishia kwenye kapsuli, na gama zinapita chuma na kuichora filamu, palipo na tundu au ufa panatokea peusi. Kadiri siku zinavyopita kidonge kinachoka, na picha iliyochukua dakika moja itachukua mbili baada ya siku 74. Baada ya mwaka nguvu ya kidonge inabaki kama sehemu moja kati ya thelathini. Hesabu muda wako upya kila asubuhi.

Umbali ni rafiki usiyemlipa. Ukisimama mita mbili badala ya moja unapata robo ya mionzi, ukisimama mita kumi unapata sehemu moja ya mia. Na saa ya hatari kubwa si ile kidonge kikiwa nje, kwa kuwa wakati huo kila mtu anaogopa. Ni pale unapozungusha kukirudisha, umechoka, jua la Changamwe limekupiga, na unadhani kimeingia. Usidhani. Shika kipimo mkononi, sogea ukikitazama, pima mbele ya kamera, pima nyuma, kisha fuata bomba lote la kuongoza mpaka mwisho wake. Fanya hivyo kila mara, hata uwe umefanya miaka ishirini na kila mara kimeingia.

Mwaka 1984, kule Mohammedia, nchini Morocco, kidonge cha iridiamu kama hicho kilichomoka kwenye waya wake, kikaanguka chini, na hakuna aliyepima. Mpita njia akakiona chuma kidogo kinachometa, akakiokota, akaenda nacho nyumbani, akakiweka chumba cha kulala. Akafa yeye, wakafa watu wa nyumba yake na jamaa zake, wote pamoja roho nane, na madaktari mwanzoni walidhani ni sumu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sijui kama neno hilo limewahi kuwa kweli zaidi ya pale. Mwaka 2000, katika kijiji cha Meet Halfa, Misri, mkulima naye aliokota iridiamu akaipeleka kwake, na ikamuua yeye na mwanawe mdogo. Na Goiânia, Brazili, mwaka 1987, waokota vyuma waliivunja mashine ya tiba iliyoachwa kwenye zahanati iliyohamwa, wakapata unga wa seziamu unaotoa mwanga wa buluu gizani, wakaugawia jamaa na majirani kama pambo. Wanne walikufa, mmoja wao binti wa miaka sita. Ukiwaona mahamali na mikokoteni yao ya vyuma chakavu wakivuka hapa mjini, kumbuka kwamba wale ndio wa kwanza kufikiwa na uzembe wako, na hawatakujua jina.

Tena anayeokota hahisi kitu. Mionzi haiunguzi mkono papo hapo. Wekundu wa ngozi huja baada ya saa au siku, malengelenge baadaye, na wakati huo mtu ameshasahau alichokishika. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu huzaliwa kimya.

Wako watakaokwambia ajali haina kinga. Zipo ajali za namna hiyo, naziamini. Lakini za kazi hii karibu zote zina kinga, nayo ni kipimo chenye betri, kamba iliyotandazwa, na mtu mkweli. Nimeziweka hizo tatu pamoja kwa sababu mbili za kwanza hununuliwa na ya tatu haiuzwi. Utakuwa peke yako usiku juu ya jukwaa, msimamizi amelala, na hakuna atakayejua kama ulipima au ulijaza karatasi tu. Kiwango cha mfanyakazi ni milisiveti 20 kwa mwaka, kikikadiriwa kwa wastani wa miaka mitano, na cha mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1. Beji yako ya kupimia ivae kifuani, usiiache garini ili isomeke kidogo, wala usimvalie mwenzako. Ukihisi umepigwa, sema saa hiyo hiyo: mwambie msimamizi, na taarifa ifike Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyowekwa kwa sheria ya 2019. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha mionzi huumbua na wengine. Utafokewa, huenda utaachishwa kazi. Vumilia hayo.

Unakumbuka nilipotoka Nairobi baada ya kutibiwa tezi ya shingo, nikakaa chumba cha juu na vyombo vyangu peke yangu, nikakataa kuwapakata wajukuu? Ulinuna, ukadhani nimewakataa. Nilikuwa nimemeza iodini ya 131. Tezi huivuta iodini yenyewe, na beta yake haisafiri ndani ya nyama ila milimita moja au mbili, kwa hivyo huchoma ugonjwa ikaacha jirani. Lakini ina gama pia, na gama ilikuwa ikitoka mwilini mwangu kuelekea kwa yeyote aliyenikaribia. Nilikuwa nawapenda kwa umbali, mwanangu, kwa hesabu ya siku nane, na nane, na nane. Barazani walinong'ona kwamba kazi ndiyo iliyoniponza. Daktari hakusema hivyo, nami siwezi kusema, kwa kuwa kadi zangu zote za vipimo ziko chini ya kiwango, na kitu nisichokijua sitakitia kinywani. Ninachokijua ni kwamba mionzi niliyoichunga miaka yote ndiyo iliyoniongezea miaka hii ya kukuandikia.

Rekodi ya vipimo vyako ni haki yako. Iombe kila mwaka, uweke nakala nyumbani kwenye sanduku la mamako pamoja na cheti cha kuzaliwa. Usimcheke fundi mzee anayepima mara mbili. Ukipewa kijana wa kumfundisha, mfundishe yote, usimfiche la mwisho ili akuhitaji.

Na ikiwa siku moja utaambiwa kipimo kimeharibika, meli inasubiri, mteja amekasirika, ufanye leo hivyo hivyo na kesho kitatengenezwa, weka chini ulichoshika, vua ovaroli, uje nyumbani. Mamako atakuwekea chakula. Kodi ya mwezi huo nitajua mimi pa kuitoa, na sitakuuliza neno mpaka uwe umekula.